Pampu Inayojua Kunyamaza

Insulini ikishapita ngozi hairudi. Aliyejichoma yuniti kumi asubuhi hawezi kuzitoa mbili saa moja baadaye akigundua kwamba uji aliokunywa ulikuwa kidogo. Ni chumvi iliyokwisha yeyuka mchuzini. Atakachoweza ni kula kitu cha sukari na kungoja. Kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza anaujua ukweli huu kwa mwili wake, na ndio uliowapa wahandisi na madaktari kazi ya zaidi ya nusu karne: kutengeneza mashine ya kutia insulini yenyewe, usiku na mchana, bila kumwangusha mwenyewe. Nimekuwa nikizisoma mashine hizi kwa muda mrefu, miongozo yake, majaribio yake, hata programu zake pale zilipowekwa wazi, na ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba uhodari wake hauko katika kutia. Kutia ni kazi ndogo. Pampu zimekuwa zikitia tangu miaka ya 1970. Uhodari uko katika kuacha kutia, tena kuacha mapema, wakati sukari bado inaonekana nzuri.

Kongosho la mtu asiye na kisukari hufanya kazi hii bila kusifiwa na yeyote. Seli zake za beta huonja damu inayopita na kutoa insulini kidogo kidogo; sukari ikianza kuteremka hupunguza, ikiteremka zaidi hufunga. Insulini hiyo huingia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ndani ya damu huishi dakika chache tu. Kongosho likitoa zaidi ya kinachohitajika, ziada hiyo hufutika kabla haijaleta madhara. Pembeni yake zipo seli za alfa, zinazotoa glukagoni ya kuliamuru ini lifungue ghala yake ya sukari, na hatari ikizidi adrenalini nayo hujitokeza. Ndiyo maana mtu anaweza kulala na njaa, akaamka alfajiri akatembea kilomita kumi kwenda shambani, na sukari yake isitikisike.

Pampu haina hata kimoja kati ya vitu hivyo. Insulini yake huwekwa chini ya ngozi, na hata ile iendayo haraka huchukua kama robo saa kuanza kazi, hufika kileleni baada ya saa moja au zaidi, na mkia wake huburura kwa saa nne au tano. Kihisi chake nacho hakigusi damu. Kinapima sukari kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, ambayo hubaki nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, na kwa kawaida hutoa namba moja kila dakika tano. Kwa hiyo mashine inaona yaliyokwisha pita na inatenda mambo yatakayotokea baadaye sana, na katikati hapo kuna mwili wa mtu unaokula, unaolala, unaogombana, unaokimbilia daladala. Tena mwili huo umepoteza kinga yake ya pili: kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, seli za alfa huacha kuitikia sukari inaposhuka, mara nyingi ndani ya miaka michache ya mwanzo ya ugonjwa.

Anayeijua sukari kushuka hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili linastahili akili yote iliyotumika. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita huja jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Chini ya 3.0 ubongo wenyewe, ambao chakula chake ni glukosi, huanza kukosa. Mtu hujibu maneno yasiyohusiana na swali, hukasirika bila sababu, hukataa soda anayonyweshwa na ndugu zake. Baadaye ni degedege au kuzimia. Usiku ni mbaya zaidi, maana usingizi huzipunguza nguvu zile dalili za kumwamsha. Na aliyeshuka mara nyingi mwishowe huacha kuzisikia hata mchana.

Hatari hii ilizaliwa pamoja na dawa. Toronto, mwishoni mwa 1921 na mwanzoni mwa 1922, wakati Frederick Banting, Charles Best, James Collip na J.J.R. Macleod wakihangaika na dondoo la kongosho, Collip aliwaona sungura wake waliodungwa wakipata degedege, na wakizinduka wakipewa glukosi. Yuniti ya kwanza kabisa ya insulini ilipimwa hivyo: kiasi kinachotosha kumshusha sungura mwenye njaa hadi kwenye degedege. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliofuata watu 1,441 ulithibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa ukaribu huokoa macho, figo na neva kwa kiwango kikubwa. Lakini katika utafiti huo huo, waliodhibiti kwa ukaribu walipata mishuko mikali ya sukari kama mara tatu ya wenzao. Kwa maneno ya kliniki, mgonjwa aliambiwa ashushe, na akishusha anaanguka. Watu wengi wakachagua kuishi na sukari ya juu, na siwalaumu hata kidogo. Mama anayelala chumba kimoja na mtoto wa miaka sita anajua macho na figo ni habari za miaka ishirini ijayo. Asubuhi ya kesho ndiyo anayoiogopa.

Majaribio ya kwanza yalikuwa makubwa kwa umbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Arnold Kadish wa Los Angeles alitengeneza mashine ya kubebwa mgongoni, yenye ukubwa wa mkoba wa askari, iliyopima sukari na kutia insulini au glukagoni. Mwaka 1962 Leland Clark na mwenzake walionyesha namna ya kupima glukosi kwa kutumia kimeng'enya na elektrodi, na vihisi vingi vya leo ni watoto wa wazo hilo. Katika miaka ya 1970 ikaja Biostator, kabati la kando ya kitanda cha hospitali. Zilifanya kazi kweli, lakini hakuna aliyeweza kwenda nazo sokoni.

Hatua iliyonivutia kuliko hizo zote ni ndogo mno ukiitazama kwa haraka. Mwaka 2009 kampuni ya Medtronic ilitoa Ulaya pampu iitwayo Paradigm Veo. Pampu hiyo haikujaribu kuendesha sukari ya mtu. Ilijua jambo moja: kihisi kikisoma chini ya kiwango kilichowekwa, kengele ikalia, na mwenyewe asijibu, pampu ifunge insulini kwa saa mbili, kisha ianze tena yenyewe.

Zile saa mbili ninazirudia kila mara, kwa sababu ndani yake mna mabishano mazima ya kitaalamu. Kufunga insulini si jambo salama kwa asili yake. Mtu wa aina ya kwanza akikosa insulini kwa saa nyingi, mwili huanza kuchoma mafuta, damu huwa na asidi, na hilo nalo huua. Je, kihisi kikidanganya? Kikisema 3.0 usiku kucha kumbe mtu yuko 9? Fundi asiye makini angechagua kumwamini mpimaji, au kutomwamini kabisa. Wahandisi wa Veo walichagua muda ambao ukweli na uongo vyote viwili vinavumilika. Kama kihisi kinasema kweli, saa mbili bila insulini mpya zinampa mtu nafasi ya kupanda. Kama kinadanganya, saa mbili zitampandisha kiasi ambacho asubuhi atakisahihisha kwa dozi ndogo. Jaribio la majumbani lililochapishwa Marekani mwaka 2013, lenye watu 247, lilionyesha kwamba ukali na muda wa mishuko ya usiku, vikijumlishwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 37.5, na wastani wa sukari ya miezi haukuharibika. Perth, Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka huo huo, wagonjwa 95 walifuatiliwa, na mishuko mikali ikapungua sana kwa waliopewa pampu za kujifunga.

Hata hivyo Veo ilifunga mtu akiwa amekwisha shuka. Hatua iliyofuata ilikuwa kufunga kabla, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ufundi.

Chukua usiku mmoja. Ni saa saba za usiku, mtu amelala, kihisi kinasoma 6.2, namba ambayo daktari yeyote angeifurahia. Saa tano alikula wali akajipa dozi ya chakula; wali karibu umekwisha kusagwa, na mwilini zimebaki yuniti 1.4 zaidi ya mahitaji yake ya kawaida. Kwa mtu huyu yuniti moja hushusha sukari kwa 2.5. Basi yuniti 1.4 zitashusha 3.5, na 6.2 ukitoa 3.5 ni 2.7. Ile namba nzuri ya saa saba tayari imebeba anguko la saa tisa. Pampu yake humpa yuniti 0.8 kila saa za kumwendesha. Ikifunga sasa hivi, kwa saa moja tu, itakuwa imemwepushia yuniti 0.8, sawa na 2.0 za sukari, na atatua kwenye 4.7. Ataendelea kulala. Lakini ikingoja hadi kihisi kisome 3.9 ndipo ifunge, haitamsaidia kitu kwa muda mrefu, maana insulini iliyotiwa dakika chache zilizopita hata kileleni haijafika, na iliyofungwa sasa faida yake itaonekana amekwisha zama.

Hii ndiyo hesabu inayofanywa kila dakika tano, na inahitaji ujasiri wa namna yake. Mashine inaambiwa inyamaze wakati namba ni nzuri, kwa kuamini anguko ambalo halijaonekana. Pampu ya MiniMed 640G, iliyotoka mwaka 2015, na programu ya Basal-IQ ya kampuni ya Tandem, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2018, zilijengwa juu ya wazo hilo. Kanuni ya Basal-IQ inaweza kuandikwa kwenye kiganja: tabiri nusu saa mbele kwa kufuata mwelekeo wa sukari, kama utabiri uko chini ya 4.4, funga; sukari ikianza tu kupanda, fungua. Hilo la mwisho ni zuri kuliko linavyosikika. Mashine za mwanzo zilifunga kwa muda mrefu, na mtu akaamka na sukari ya juu. Hii hufunga kwa vipande vidogo, mara nyingi kwa usiku mmoja, ikipapasa njia. Katika jaribio lake muda wa kukaa chini ya 3.9 ulipungua kwa asilimia 31, na sukari ya juu haikuongezeka.

Nje ya makampuni kulikuwa na kazi nyingine ikiendelea, na kwangu mimi ndiyo iliyo safi zaidi. Dana Lewis, mkazi wa Seattle mwenye kisukari cha aina ya kwanza, alikuwa analala usingizi mzito. Kengele ya kihisi chake ilikuwa ndogo, haikumwamsha, na kihisi hakikuruhusu sauti iongezwe. Alikuwa anaishi peke yake na aliogopa kutoamka. Mwaka 2013 John Costik, baba wa mtoto mwenye kisukari, alikuwa ametafuta njia ya kuzitoa namba za kihisi kwenye kompyuta, na akawapa wengine njia hiyo. Lewis na mwenzake Scott Leibrand wakaitumia kutengeneza kengele yenye kelele. Wakaongeza hesabu ya utabiri. Kisha, kwa msaada wa kazi ya Ben West ya namna ya kuzungumza na pampu, Desemba 2014 wakaziunganisha ncha zote mbili, na kompyuta ndogo ikaanza kuielekeza pampu yenyewe. Februari 2015 wakaiweka kazi hiyo hadharani kwa jina la OpenAPS, na maelezo yake yakaandikwa kwa lugha ya kawaida ili mgonjwa yeyote asome na ahoji.

Ndani ya kazi ile kuna uamuzi mmoja ninaouona kuwa mzuri kuliko wote katika fani hii. Kompyuta haiiambii pampu "funga" basi. Inaiambia: punguza kiwango hiki kwa dakika thelathini. Dakika tano baadaye inatazama tena na kutoa agizo jipya, nalo la dakika thelathini. Agizo halina uwezo wa kuishi zaidi ya hapo. Betri ya kompyuta ikizima, mawasiliano yakikatika, kifaa kikisahaulika chumba cha pili, hakuna anayetakiwa kufanya lolote: ndani ya nusu saa pampu inarudi yenyewe kwenye kiwango kilichowekwa na daktari, kile ambacho mgonjwa alikuwa akikitumia kabla mashine haijaja. Waandishi wa programu hii walijiuliza kwanza itakuwaje kila kitu kikiharibika, wakalijenga jibu ndani ya kila agizo, na ndipo wakaanza kuhangaika na namna ya kuifanya iwe hodari.

Uangalifu huo huo umo katika namna inavyosoma kihisi. Ikitaka kujua sukari inakwenda wapi, inatazama mabadiliko ya dakika tano zilizopita na wastani wa robo saa, na inachukua ulio mdogo zaidi. Sukari ikiruka ghafla kwa sababu kihisi kimetikisika, programu haishawishiki kutia. Ikishuka ghafla, inaamini haraka na kuacha. Upande mmoja ni mgumu wa kuamini, upande wa pili ni mwepesi, na tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi. New Zealand walikwenda kuijaribu programu ya ukoo huu kwa utaratibu kamili wa kitabibu. Watu 97, watoto na watu wazima, kwa wiki 24, na matokeo yakachapishwa 2022. Waliotumia mashine walitoka asilimia 61.2 ya muda wao ndani ya mipaka mizuri ya sukari hadi 71.2, na hakuna aliyepata mshuko mkali.

Upendeleo huo wa upande mmoja una hesabu yake rasmi, na mwenye hesabu ni Boris Kovatchev wa Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 1997 yeye na wenzake walilitazama tatizo ambalo kila mtu alikuwa amelizoea. Mizani ya sukari ina upande mfupi na upande mrefu. Kutoka 10 kupanda hadi 33 kuna nafasi kubwa; kutoka 3.9 kushuka hadi 1.1 ni hatua chache. Mashine ikipima makosa kwa mizani hiyo ya kawaida, kupanda kutoka 12 hadi 14 kutaonekana kosa zito kuliko kushuka kutoka 4 hadi 3, na itafanya kazi ya kukimbiza sukari ya juu huku ikimwacha mtu aanguke. Kovatchev akaikunja mizani kwa hesabu za logi, hadi 3.9 na 10 zikawa mbali sawa na katikati, na 1.1 ikawa mbali sawa na 33.3. Katikati, mahali pa hatari sifuri, pakaangukia 6.25. Kwenye mizani iliyokunjwa hivyo, mashine inaihisi hatari ya chini kwa uzito unaostahili.

Halafu likaja swali la kuijaribu. Huwezi kumshusha mtoto sukari kwa makusudi ili uone kama programu itamwokoa. Virginia wakiungana na kundi la Claudio Cobelli wa Padova, Italia, walijenga wagonjwa wa hesabu: watu 300 ndani ya kompyuta, watu wazima 100, vijana 100, watoto 100, kila mmoja na ini lake, tumbo lake, na namna yake ya kuitikia insulini. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikubali majaribio juu ya watu hao yachukue nafasi ya majaribio ya wanyama. Tangu hapo fundi aliweza kuiendesha programu yake kwa usiku maelfu, akawalisha wagonjwa wake wasio na mwili wanga mara mbili ya walichosema, akakiharibu kihisi chao, akawasahaulisha chakula cha jioni, kisha akaona ni nani ameanguka na kwa nini. Kila aliyeanguka alikuwa somo bila msiba.

Kutoka mikono hiyo ndipo ikaja programu ya Control-IQ, iliyoidhinishwa Desemba 2019. Mtu akilala, programu hiyo huilenga sukari kati ya 6.25 na 6.7, na anayeijua mizani ya Kovatchev ataitambua namba ya kwanza. Katika jaribio la miezi sita la watu 168 muda wa kukaa ndani ya mipaka ulipanda kutoka asilimia 61 hadi 71, na muda wa chini ya 3.9 ukapungua kutoka kama asilimia 3.6 hadi 1.6. Ukizigeuza asilimia hizo kuwa saa, ni kama dakika 52 kwa siku zilizopungua hadi dakika 23. Cambridge, Uingereza, kundi la Roman Hovorka limefika mahali pa karibu kwa njia nyingine, kwa kuujenga mfano wa mwili wa mtu mmoja mmoja na kuusahihisha kadiri siku zinavyokwenda.

Yapo mambo ambayo hesabu peke yake isingeyagundua, na yamejifunzwa kwa kukaa na watu. Mtu akilalia mkono wenye kihisi, majimaji ya pale hubanwa, na kihisi husoma kushuka kwa ghafla ambako hakupo. Pampu hunyamaza. Mtu akijigeuza, namba inaruka juu, na programu iliyoandikwa vizuri hairukii kutia kufidia. Au mtu ameshuka, amekula vijiko vitatu vya sukari, lakini kihisi kinachelewa na kinaendelea kuonyesha 3.2, anakula tena, na tena. Hapo mashine haina la kumwambia isipokuwa kutoongeza. Na mara nyingi, kwa kuwa ilikwisha nyamaza saa nzima kabla, sukari inayohitajika kumwinua ni kidogo kuliko ile ambayo mikono inayotetemeka hudhani.

Ninaandika haya kwa Kiswahili nikijua kwamba kwetu wengi wa wenye kisukari cha aina ya kwanza wanatumia chupa na bomba la sindano, na kwamba wengine huhesabu vijiti vya kupimia kama wanavyohesabu nauli. Uingereza na Wales mamlaka ya afya ilipendekeza Desemba 2023 mashine hizi zitolewe kwa watu wengi wa aina ya kwanza, kidogo kidogo kwa miaka mitano. Sisi tutakwamishwa na vile vinavyotupwa zaidi ya pampu yenyewe: kwa kawaida kihisi hubadilishwa kila baada ya wiki moja hadi mbili hivi, mrija wa pampu kila siku mbili au tatu, maisha yote. Inaniuma, na sioni sababu ya kulificha hilo. Lakini hesabu ya insulini iliyobaki mwilini haihitaji kihisi. Anayepima baada ya kula, akakuta 14, na akakumbuka kwamba alijichoma ya haraka saa mbili zilizopita, anaweza kuwa na karibu nusu ya dozi ile ambayo bado inafanya kazi. Kuongeza dozi kamili juu yake ndiko kunakoangusha watu wengi usiku, na muuguzi wa kliniki ya kisukari anayelifundisha jambo hili kwa kalamu na karatasi anafanya kazi ile ile ya wahandisi wa Virginia.

Mashine hizi bado hazijamaliza. Nyingi zina mkono mmoja tu, wa kutia au kutotia, na kuna wanaotaka kuziongezea wa pili. Edward Damiano wa Boston, ambaye mwanawe alipata kisukari akiwa mchanga, amejenga maisha yake ya kazi juu ya mashine ya insulini na glukagoni. Ile ya insulini peke yake iliidhinishwa 2023. Uholanzi kampuni ya Inreda imekwisha ipeleka ya homoni mbili kwa wagonjwa. Ni kazi ya kuheshimiwa, ingawa glukagoni ya kawaida katika maji ni kitu kisichodumu na imewachelewesha wengi.

Mahali ambapo mkono mmoja hautoshi panaonekana wazi kwenye mazoezi. Misuli inayokimbia huchota sukari kwenye damu bila kungoja insulini iiruhusu, na sukari inaweza kushuka kwa kasi ambayo hakuna kunyamaza kunakoweza kuiwahi. Hapo mashine inamhitaji mwenyewe. Programu nyingi zina lengo la muda kwa ajili ya mazoezi, mara nyingi karibu na 8.3, linaloifanya pampu ipunguze insulini na kumwacha mtu aelee juu kidogo. Lakini lengo hilo likiwekwa filimbi inapolia, insulini ya saa moja iliyopita bado imo chini ya ngozi na inakwenda naye uwanjani, tena kwa haraka zaidi maana damu inazunguka kwa kasi. Kwa hiyo mwenye pampu anayecheza mpira saa kumi jioni huiambia pampu yake saa tisa, na wengine huiambia saa nane.